Mkalimani na Mzinga wa Nta

Kabla ya kugeuza neno la mtu, Mkalimani alisema kwanza, "Maneno si yangu." Alisema hivyo barazani mbele ya Bwana mkubwa, alisema hivyo sokoni akimsaidia mgeni kununua mbuzi, na Jumapili moja alisema hivyo kanisani, alipopewa kazi ya kugeuza mahubiri ya mchungaji mgeni. Baada ya ibada mchungaji alimvuta pembeni akamuuliza kama haiamini Injili. Akajibu kwamba anaiamini sana, ila si yeye aliyeiandika.

Nilimjua miaka yote ya Mjerumani, tangu boma la Arusha halijawa na milango. Milango yake niliitengeneza mimi. Mimi ni seremala, mtu wa Pwani, na nilipandishwa huku kwa sababu walitaka milango mizito na hawakumpata wa kuifanya. Kimeru sikukijua, Kimaa sikukijua, na baridi ya huku ilinifanya nijute wiki za mwanzo. Yeye ndiye aliyenitafutia chumba, akaninunulia blanketi kwa bei ya haki, akanifundisha namna ya kuwasalimu watu wa mlimani bila kuchekwa. Ukoo wake sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kunieleza. Nilijua tu kwamba kwake ni Nkoaranga, juu kule kwenye migomba, kwamba amesoma misheni, na kwamba mkewe ni Mwarusha wa Moshono.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake la Kizungu lilikuwa na mikono iliyoishia mbali na viganja. Viatu alikuwa navyo, lakini njiani alivining'iniza shingoni, akavivaa akifika mbele ya boma na kuvivua akitoka. Begani alibeba kibuyu kidogo cha maji. Akitoka kwenye Kimaa kuingia kwenye Kijerumani alipiga funda moja, akasukutua, akameza, ndipo akaendelea. Nilimuuliza maji yale ni ya nini. Akasema lugha hizo mbili ladha zake haziendani.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Misheni ilikataza pombe, naye alikaa benchi la mbele kanisani, lakini penye pombe ya ndizi hukumkosa. Kata ilipomfikia alisema anamshikia mwenziwe. Huyo mwenziwe mimi sikumwona hata siku moja. Tena alipenda kuitwa. Tarishi wa boma akija kumtafuta, Mkalimani alifuata nyuma polepole, akisimama kusalimia kila mtu, ili ijulikane njia nzima kwamba ameitwa.

Lakini kazi yake aliifanya kwa unyoofu ambao mara nyingi ulimletea matatizo. Hakupunguza neno wala kulipaka sukari. Kulikuwa na shauri la mzee mmoja aliyelima karibu mno na mto, akaulizwa ni nani aliyempa ruhusa. Mzee akanyamaza. Mkalimani naye akanyamaza kwa kadiri ile ile, kisha akapiga funda la maji, akasema maneno kwa Kijerumani ambayo yalimfanya Bwana awe mwekundu mpaka masikioni. Jioni alinieleza alichosema. "Nilimwambia, mzee amenyamaza, na kunyamaza kwake ni kwa mtu aliyeulizwa jambo la kijinga." Nikamwambia, wewe ndugu yangu, kimya hakigeuzwi. Akasema kimya ndicho kigumu kuliko vyote, na asiyekiweza basi akauze ndizi. Siku hiyo alikuwa amefukuzwa barazani mpaka jua lilipopungua, na alikaa nje kwenye ngazi, viatu miguuni, kwa kuwa bado alijihesabu yuko kazini.

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Nilipanda Nkoaranga mara kadhaa, kwanza kuwatengenezea kitanda, baadaye kwa mazoea. Njia za kule ni za kushika magoti kwa mikono. Ukifika unapewa ndizi na maziwa, na mwenyeji wako anakaa mkabala nawe anatazama migomba. Hasemi kitu. Mkewe ndiye aliyezungumza nami. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya kumpima mtu, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, maneno machache yaliyonyooka.

"Fundi, wewe unamsikia huyu huko mjini?" aliniuliza siku moja.

"Namsikia kila siku, mama. Hanyamazi."

"Basi anayamaliza yote kwa Wazungu. Mimi naletewa mdomo mtupu."

Mkalimani alitabasamu, akaendelea kutazama migomba. Walipendana, hilo nilikuwa naliona. Alimwekea mkewe kigoda upande usio na moshi, na mkewe alimpasulia ndizi kabla hajaomba.

Baba wa huyo mke, mzee wa Moshono, ndiye aliyekuwa na sauti. Watu walitoka mbali kumsikia akiwaimbia ng'ombe sifa zao. Mkalimani alipooa alimpa mzee kondoo, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana Paker, neno la Kimaa linalotokana na kondoo huyo. Kwa watu wale mkwe hatajwi jina lake, unamwita kwa kile mlichopeana. Na mtu akifa, jina lake linafungwa. Wanawe hawalitaji tena, na mtoto mwenye jina lile lile katika ukoo anatafutiwa jingine. Sisi Pwani marehemu tunawataja na kuwaombea, kwa hiyo mwanzoni niliona ni ugumu wa bure. Kisha nikaona wanavyoumia likitajwa, nikaacha kubishana.

Mkalimani mwenyewe, kwa kuwa Mkristo, alikuwa na jibu lake. Alisema mbele za Mungu majina yote yako wazi. Alisema hivyo mjini. Moshono sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Ndipo akaja Mzungu tuliyemwita Bwana wa Nyimbo. Hakuja kwa ajili ya kodi, wala shamba, wala dini. Alikuja kuchukua sauti. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, aliyewasalimu hata wapagazi. Mashine yake ilikuwa na pembe kubwa la bati, na katika masanduku alikuwa na vipande vya nta vya mviringo, vyenye uwazi katikati. Watu wa mlimani wanafuga nyuki, walipoviona wakasema hii ni mizinga, na jina likakaa. Mtu aliimba ndani ya pembe, sindano ikauchora mzinga, nta ikatoka nyuzi nyembamba kama nywele. Ukirudisha sindano mwanzo, mashine iliimba yale yale. Ila kila ulipousikiliza mzinga, sindano iliula kidogo, na Bwana alituonya kwamba sauti inachakaa kwa kusikilizwa.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza masanduku, kila mzinga na chumba chake, ndani pamba. Kazi ya Mkalimani ilikuwa kutafuta waimbaji, kugeuza maneno, na kuisafisha mizinga kwa brashi laini kabla ya kuifunga. Kulikuwa na utaratibu usiovunjwa. Kwanza Bwana alipuliza filimbi, ili huko kwao wajue mashine ilikuwa ikienda kwa mwendo gani. Kisha litajwe jina la mahali, la kabila, na la mwimbaji. Baada ya hapo ndipo wimbo.

Mkalimani alipenda kuniletea habari za Bwana huyo. Alimwuliza sauti hizi zinapelekwa wapi, akaambiwa huko Ujerumani kuna nyumba yenye rafu mpaka darini, na rafuni zimepangwa sauti za watu wa dunia nzima.

"Nikamwuliza, na mtu akimtaka mmoja kati ya hao, anampataje? Akasema kwa jina. Mahali, kabila, jina. Akasema asiye na jina yupo mle, lakini hapatikani."

"Na wewe ukasemaje?"

"Sikusema. Kazi yangu ni kugeuza."

Siku ya Moshono nilikuwepo, kwa kuwa meza ya mashine ilitakiwa isitikisike na uwanja wa mzee ulikuwa wa mteremko. Nilichonga kabari, nikaikalisha meza sawa. Mzee alikuja na fimbo yake, akakaa mbele ya pembe bila hofu yoyote. Bwana akaomba ataje jina lake. Mkalimani akageuza. Mzee akajibu, na jibu lile nilielezwa papo hapo: "Mtu hajiiti. Mimi sijapotea."

Bwana akacheka, akamwambia Mkalimani, basi litaje wewe. Nilimwona Mkalimani akishika kibuyu chake bila kunywa. Walisemezana kwa Kijerumani kwa muda. Baadaye aliniambia kwamba alikataa, na Bwana akamweleza kwa upole kabisa kwamba pembe si mtu, kwamba mzinga unakwenda mbali, na hakuna Mwarusha hata mmoja atakayeusikia huko. Filimbi ikapulizwa. Mkalimani akainama, akasema Moshono, akasema Waarusha, akasema jina la baba mkwe wake. Nafasi ya kueleza kwamba maneno si yake haikuwepo, nta ile ni fupi.

Mzee alimtazama kidogo, kisha akaimba. Aliimba vizuri kuliko siku zote nilizopata kumsikia. Bwana alifurahi kupita kiasi, akasahau onyo lake mwenyewe, akaurudisha mzinga pale pale uwanjani. Pembe likatoa filimbi, halafu likatoa sauti ya Mkalimani ikimwita mkwewe jina. Nyuma ya ua walikuwa wamekaa wanawake, na mmoja wao alikuwa mkewe. Mzee hakukasirika sana. Alimtoza mkwewe kondoo wa pili na pombe ya asali, wakanywa wote, likaisha.

Lingekuwa limeisha kweli kama mzee angeishi. Mvua zilipokatika akafariki.

Bwana wa Nyimbo alikuwa bado mjini akisubiri wapagazi. Wageni walikuja kwake jioni, na kila walipomwomba awasikilizishe sauti moja tu, alichagua ile iliyokuwa bora. Hakuwa na nia mbaya, sidhani hata alipewa habari ya msiba. Kwa hiyo jioni baada ya jioni, barazani kwake kando ya barabara, filimbi ililia na Mkalimani akamtaja marehemu kwa sauti ya bati. Wanawake wa Moshono walipita pale wakirudi kuuza maziwa. Waliyosikia waliyapeleka nyumbani.

Mkewe alimkuta Mkalimani kwenye karakana yangu. Hakusalimia, na kwa mwanamke yule hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Baba yangu anaitwa mjini kila siku," alisema. "Anaitwa na wewe."

"Maneno si yangu."

"Sawa. Si yako. Mdomo ni wa nani?"

Nilisimamisha msumeno. Mkewe akasema anakwenda kwao na watoto, na atarudi siku mdomo ule utakapoacha kumwita baba yake. Alisema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, nadhani alitaka shahidi.

Mkalimani alikwenda kwa Bwana siku ile ile. Alirudi akiwa amechoka. Bwana alikuwa ameomba radhi kwa moyo wote, akaahidi kutousikilizisha mzinga tena hapa mjini, lakini kulifuta jina alikataa. Alisema huko unakokwenda hakuna wa kuumia.

"Nikamwambia, mdomo wangu utakuwepo huko. Mtu yeyote akitaka, atausukuma umwite."

"Akajibuje?"

"Akasema ndivyo mzee atakavyopatikana."

Nikifikiri sasa, Bwana hakukosea. Alikuwa na nyumba yake ya rafu kichwani na alitaka mzee awe na mahali pake mle. Mkalimani naye hakukosea. Mimi nilikuwa na miguu ya viti ya kukereza na sikutaka kuingilia. Lakini siku Bwana alipokuwa anafunga safari, nilipokwisha kulipigilia misumari sanduku la mashine yenyewe, Mkalimani aliingia karakana na mzinga umefungwa kwa pamba mkononi. Hakuuficha. Alipita nao katikati ya barabara, viatu miguuni.

Akaniambia anataka nimnyolee mahali pa jina tu. Filimbi ibaki, wimbo ubaki. Nilimwambia siwezi kuona jina kwenye nta. Akasema yeye anaweza, kwa kuwa ametazama sindano ikipita pale mara nyingi, na akanionyesha kwa ukucha mahali inapoishia filimbi na mahali mzee anapovuta pumzi. Kati yake palikuwa na ukanda mwembamba sana. Nilichonga kijiti cha mti laini, nikauvika mzinga juu yake, nikaufunga kwenye kerezo langu la kukanyaga kwa mguu, nikachukua patasi ndogo kuliko zote. Nimefanya kazi nyingi, za boma na za makanisa na za misikiti, na sijawahi kutoa jasho namna ile. Nta ilitoka vumbi la rangi ya kahawia. Mkalimani alikinga kiganja, akalikusanya lote, akalitia kinywani, akatafuna, akateremsha kwa maji ya kibuyu.

"Limetoka humu," alisema. Kisha akasema ni chungu, ladha ya sabuni.

Baada ya hapo alikwenda kumwambia Bwana alichofanya, kwa Kijerumani chake kizuri, bila kunitaja. Bwana hakufoka. Mashine ilikuwa imekwisha fungwa na wapagazi wamesimama, hakukuwa na namna ya kusikiliza. Aliugeuza mzinga, akalitazama kovu, akamrudishia mwenyewe. "Sauti isiyo na jina sina pa kuiweka," alisema. "Chukua." Mkalimani alikosa kazi hiyo tangu saa ile, na haikupita muda kazi ya boma nayo ikapata kijana mwingine, mwepesi, aliyejua kupaka sukari.

Mkewe alirudi. Wazee wa pande mbili walikaa, wakala, wakasema yaliyotakiwa kusemwa. Lakini aliweka sharti moja, na hakuna mzee aliyeweza kumtoa hapo. Mzinga usikanyage nyumbani kwake.

"Nimeambiwa umenyolewa," alisema. "Kuambiwa si kusikia. Siku nikisikia mwenyewe, ndipo uingie."

Na hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa mashine iliondoka na mwenyewe. Tulikuwa na sauti ya mtu mkononi na hatukuwa na kitu cha kuifungulia. Mzinga ukabaki kwangu, kwenye kisanduku cha mvule nilichokitengeneza bila kuombwa. Mkalimani akawa mkulima wa ndizi na kahawa kidogo. Nkoaranga aliishi na mke aliyempikia, akamwekea chakula, akaenda kula peke yake nyuma ya nyumba. Kigoda upande usio na moshi kilikuwepo, ila hakikukaliwa. Mtu asiyewajua angesema ni ndoa ya kawaida. Mimi niliwajua, na niliona huruma ambayo sikuwa na la kuifanyia.

Siku za soko alishuka, akaingia karakana, akauliza, "Mzee hajambo?" Nikafungua kisanduku. Wakati wa ukungu nta ilishika kuvu, madoa meupe, nikayafuta kwa kitambaa laini na kuuacha mzinga kivulini upigwe upepo. Alisimama pale akitazama, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, halafu akaenda kutafuta mashine.

Aliitafuta miaka mingi. Mfanyabiashara wa Kihindi pale mjini alipata santuri, mji mzima ukaenda kusikiliza, na Mkalimani akaja mbio kuchukua mzinga. Alirudi nao muda si mrefu. Mashine ile ilikuwa ya sahani bapa, na Mhindi alikuwa amemwuliza kama hicho ni kikombe. Misheni moja iliwahi kuwa na mashine ya mizinga, lakini ilipelekwa Ulaya kutengenezwa, ikabaki huko huko. Tangu hapo kila Mzungu mgeni aliyepita, awe Mjerumani au Kaburu au Mgiriki, alisimamishwa njiani na mtu mrefu mwenye viatu shingoni, akaulizwa kwa Kijerumani kama anayo mashine ya kuimba, ya mizinga, si ya sahani. Watu walianza kusema ameguswa kichwani. Mimi niliwajibu kwamba hajaguswa, ila sikueleza zaidi, kwa kuwa kueleza kungenilazimu kumtaja marehemu, na kufikia hapo hata mimi nilikuwa siwezi.

Mara ya mwisho kumwona ni wakati wa vita, ilipovuma kwamba Waingereza wanakuja, na Wajerumani wa mashambani wakaanza kufunga vitu. Setla mmoja wa upande wa mto Usa aliniita nimtengenezee masanduku. Mwenyewe alikuwa jeshini, nyumbani alikuwepo Bibi peke yake, mwanamke aliyelala kidogo, akinionyesha kwa kidole hiki kiende, hiki kibaki. Pembeni, chini ya kitambaa cha meza, niliona pembe la bati. Nikainua kitambaa. Ilikuwa ya mizinga.

Kwa Kiswahili cha polepole nilimwomba Bibi aiache mashine hiyo ifungwe mwisho. Nikatuma ujumbe Nkoaranga, nami nikarudi mjini kuchukua kisanduku. Kesho yake walishuka. Mkalimani alikuwa amezeeka haraka, koti lile lile, na safari hii viatu hakuvivaa, alisahau vikabaki shingoni. Mkewe alikuja nyuma yake kwa mbali. Hakuingia chumbani. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

Bibi aliuvika mzinga kwenye mashine, akaitia ufunguo. Mimi nilikuwa na hofu, sifichi. Patasi yangu ilipita pale siku ile bila mtu wa kuihakiki, na kama niliacha hata unywele wa jina, ungetoka sasa mbele ya binti wa mzee. Sindano ikashuka. Filimbi ililia, nyembamba, ya zamani. Ikakoma. Halafu ukaja mkwaruzo mtupu, nta ikizunguka bila kusema kitu. Fremu ile ilikuwa imeliwa na mchwa, na nilisikia mbao ikivunjika chini ya vidole vya yule mwanamke. Mkwaruzo ukaendelea. Kisha mtu akavuta pumzi, na mzee akaimba.

Sauti ilikuwa imechakaa kwa kuvu, ilikuja na kupotea, lakini ilikuwa yake. Aliimba mpaka mwisho. Mkewe Mkalimani alikuwa ameacha mlango na kuingia ndani, sikuona alipopita.

Bibi aliinua sindano. Nadhani alikuwa ameguswa, au alikuwa amechoka tu na ukimya wa nyumba yake. Alimwuliza Mkalimani kwa Kijerumani ni nani anayeimba. Mkalimani akamgeukia mkewe, akamgeuzia swali kwa Kimaa neno kwa neno, mtu angedhani yeye mwenyewe hajui.

Mkewe alijibu kwa Kiswahili. "Baba yangu."

"Jina lake?" Bibi aliuliza, na hilo alilijua kwa Kiswahili.

"Ndilo hilo."

Bibi alimtazama Mkalimani, akidhani hakueleweka. Mkalimani akageuza maneno hayo kwa Kijerumani, mawili kwa mawili, asiongeze kitu. Bibi akatikisa kichwa polepole, akashika ufunguo wa mashine, akaashiria kwamba anaweza kuufungua wimbo tena tangu mwanzo. Lakini mkewe alikuwa amekwisha inama. Aliutoa mzinga kwa mikono miwili, akaukunjia ndani ya nguo yake kifuani, akamwambia mumewe:

"Mwambie asante. Mwambie mzee amechoka, tunampeleka nyumbani."